Umetoka kwenye rada, unataka kutengeneza amplifaya za gitaa: yapi ubebe na yapi uyaache getini

Swali: Shikamoo fundi. Mi ni fundi elektroniki jeshini, mwaka wa 14 sasa, nilianza na redio za masafa marefu alafu nikahamishiwa rada. Gitaa napiga kidogo tu la kujifurahisha. Mkataba unaisha mwakani na nina wazo la kutengeneza amplifaya za gitaa za valvu (zile chupa za kioo za kukuza signali), za oda, moja moja kwa mkono. Je huu ujuzi unatosha au ndo naenda kuanza upya? Nianzie wapi? Na je kazi hii inalisha mtu?

Jibu: Marahaba afande. Nikujibu kifupi kwanza alafu tuingie ndani. Ujuzi ulionao unatosha kabisa kutengeneza amplifaya inayowaka, isiyounguza kitu na isiyoua mtu, na niamini hapo tu umeshawaacha mbali wengi wanaojiita mafundi. Ila kuifanya ilie vizuri, hapo bado hujaanza. Mi nimetoka hukohuko unakotoka, nimeshika rada miaka mingi kabla sijashika hivi vidude, na ilinichukua kama miaka mitatu kukubali kwamba hayo ni mambo mawili. Kwa hiyo mengi utakayosoma hapa ni makosa yangu mwenyewe, nakupunguzia safari.

Tatizo linaanzia kichwani. Jeshini umefundishwa kwamba kifaa kizima ni kile kinachoingiza signali upande huu na kuitoa upande wa pili vilevile ilivyo, kubwa zaidi tu, bila kuongeza hata chembe. Ukiona wimbi limekatwa kichwa kwenye oskiloskopu, kile kioo kinachochora signali, unatafuta kilichoharibika. Sasa kwenye gitaa lile wimbi lililokatwa kichwa ndo mzigo wenyewe! Mpigaji anakulipa kwa ajili ya huo uchafu, ila anautaka uchafu wa aina fulani, uanze pale anapopiga kwa nguvu na upungue akilegeza vidole, na we kazi yako ni kuamua kila valvu ikate wapi, ikate kiasi gani na kabla yake umechuja nini. Gitaa la umeme peke yake ni ubao wenye nyuzi, nusu ya ala iko kwenye lile boksi utakalojenga we.

Angalia ilivyotokea kwa Marshall. Mwaka 1962 London, Jim Marshall, ambaye alikuwa mpiga ngoma mwenye duka la ala wala hakuwa fundi umeme, aliwatumia vijana wake Ken Bran na Dudley Craven kutengeneza amplifaya ya kwanza, ile ikaja kuitwa JTM45, na saketi yake ukiiweka pembeni ya amplifaya ya Fender Bassman 5F6-A ya Marekani ni kama pacha. Karibu kila thamani inafanana. Lakini pale mwanzoni kabisa Bassman ina valvu ya 12AY7, yenye kipimo cha ukuzaji kama 44 hivi, wao wakaweka ECC83 yenye 100. Valvu za nguvu baadaye wakatumia KT66 za kwao Uingereza. Spika badala ya nne za inchi 10 kwenye boksi lililo wazi nyuma, wakaweka nne za inchi 12 za Celestion kwenye boksi lililofungwa. Mchoro mmoja, vitu vitatu vinne vimebadilika, mlio mwingine kabisa na muziki wa rock ukapata sauti yake. Mtu wa jeshi akipewa ule mchoro atakwambia ni kifaa kilekile chenye spea mbadala. Mi ningesema hivyohivyo zamani.

Ngoja nikupe aibu yangu ya kwanza. Amplifaya yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ya wati 50, valvu za nguvu EL34 mbili, na kwa kuwa mkono ulishazoea nikafunga waya zote kwenye mafungu, zimelala sambamba, zimefungwa kwa uzi wa nta kila baada ya sentimita chache, kona zote nyuzi 90, yani ungeifungua ungesema imetoka kwenye meli ya kivita. Nikaiwasha, voliumu 2 safi, 4 safi, kufika 6 sauti ikakonda ghafla kama mtu anaongea huku kabana pua, noti zinakatika mwisho, alafu EL34 moja bamba lake likaanza kuwa jekundu na hakuna anayepiga gitaa. Nikaweka oskiloskopu kwenye spika, kuna wimbi kubwa la kilohezi makumi kadhaa, sikio halisikii ila valvu zinafanya kazi kama punda. Nikabadilisha valvu, nikabadilisha kapasita, siku mbili zimeenda. Siku ya tatu nikachukua kijiti cha mbao kikavu nikaanza kusukuma waya mmoja mmoja ikiwa imewashwa, nikagusa lile fungu zuri kabisa la katikati, nikalipanua kidogo, na lile wimbi likapotea kwenye kioo. Nikaachia likarudi. Nikasukuma likapotea.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Waya unaotoka anodi (lile bamba la valvu, signali inapotokea) ya hatua ya pili ulikuwa umelala kama sentimita 15 sambamba na waya unaoingia gridi (signali inapoingilia) ya hatua ya kwanza. Valvu moja ya 12AX7, ndo ileile ECC83, ndani ni mbili kwenye chupa moja, na nusu yake inakuza mara 50 mpaka 60 hivi, ukizipanga mbili mfululizo umefika zaidi ya mara 2500 kabla ya kutoa zinazopotea kwenye toni, kwa hiyo kijisauti kidogo tu kikiruka kutoka ule waya kwenda huu kinarudi kimekuzwa, kinaruka tena, mzunguko haukatiki. Kwenye redio tulizozoea ule ufungaji haukuwa na shida kwa sababu njia nyingi ni za omu 50, zimevikwa kinga, ila gridi ya valvu kwenye pembejeo ya gitaa imekaa kwenye omu milioni 1, inanusa kila kitu kinachopita jirani. Toka siku hiyo waya wa gridi kwangu ni mfupi kuliko wote, unakatiza wenzake kwa msalaba wala haulali nao, na rezista ya kilo-omu 68 ya pembejeo naiunga palepale kwenye pini ya soketi, sio mwisho mwingine wa waya.

Usije ukaelewa kwamba unadhifu ni dhambi lakini. Tafuta picha za ndani za amplifaya za Hiwatt za miaka ya 1970, zile zilizofungwa waya na Harry Joyce, mtu aliyetoka kwenye kazi za viwango vya kijeshi, utalia. Zimenyooka kama gwaride na zinalia vizuri, kwa sababu aliyezipanga alijua ipi haitakiwi kukaa na ipi. Nadhifu unaweza, ila kwanza ujue unatenganisha nini.

Sasa umeme mkubwa. Najua unacheka, mtu wa rada kutishwa na volti 450, kule magnetroni, valvu inayozalisha mawimbi ya rada, inakula maelfu. Lakini kumbuka kule kulikuwa na swichi ya mlango inayokata, kulikuwa na fimbo ya kutolea chaji imening'inia ukutani, na mwenzako amesimama nyuma yako. Kwenye karakana yako utakuwa peke yako saa tano usiku na umechoka, na hizi volti 450 zinabaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa plagi. Kwa hiyo tengeneza kifimbo chako, rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 hivi yenye klipu ya mamba upande mmoja na ncha iliyofunikwa plastiki upande wa pili, klipu kwenye chasisi, ncha kwenye kapasita, hesabu mpaka kumi, alafu PIMA kwa mita, usiamini kifimbo. Mkono mmoja mfukoni kama ulivyofundishwa. Waya wa ethi wa plagi ufunge kwenye boliti yake peke yake kwenye chasisi, boliti ambayo haishikilii kitu kingine chochote, na usije ukamkubalia mteja anayekwambia uikate ethi ili mvumo uishe. Mvumo utaisha kweli, na siku moja atashika maikrofoni akiwa ameshika nyuzi za gitaa na yeye mwenyewe aishe.

Kuwasha mara ya kwanza nako kuna utaratibu wake. Mi natumia balbu ya zamani ile yenye waya ndani, wati 60 au 100, nimeiunga mfululizo kwenye laini ya umeme (za LED hazifanyi kazi hii, usijaribu). Valvu zote zimetolewa. Washa, balbu ipige mwanga kidogo ifie, hapo sawa, ikibaki inawaka kwa nguvu zima kuna shoti. Pima waya za hita zinazopasha valvu moto, volti 6.3 za AC au zaidi kidogo kwa kuwa hazina mzigo. Kama ile ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC ni valvu nayo kama GZ34, bila yenyewe huna volti kubwa, kwa hiyo iweke hiyo kwanza peke yake. Alafu hakikisha kwenye gridi za valvu za nguvu kuna volti hasi za bayasi, zinazozuia valvu isipitishe mkondo kupita kiasi ikiwa imetulia, kabla hujachomeka EL34 hata moja, maana bila bayasi zinajimaliza wakati unatafuta swichi.

Bayasi yenyewe utaipenda maana ni hesabu. Weka rezista ya omu 1 kati ya kathodi (inayotoa elektroni) na chasisi kwa kila valvu, kila milivolti 1 unayosoma ni miliampia 1. EL34 anodi yake mwisho wati 25, ikiwa imetulia tunaikalisha kama asilimia 70, yani wati 17.5, sasa kama una volti 450 gawanya unapata miliampia 38 na ushee. Hapo kuna mkondo kidogo wa skrini (gridi ya pili ya valvu) umejichanganya kwenye kipimo, hauna ubaya, unakupa usalama. Ila sasa sikiliza, hiyo 70 ni dari sio sheria! Cheza kati ya 55 na 70 huku mtu anapiga, kuna wengine wanapenda ile ya asilimia ndogo, tunaiita baridi, yenye makali, we ukikomaa na namba moja kama fomu ya ukaguzi utamnyima mtu mlio wake.

Na usiwashe kamwe bila spika au mzigo wa omu sahihi. Nilishawahi kuletewa amplifaya na jamaa wa bendi moja, kaipiga jukwaani waya wa spika umechomoka, hakusikia sauti basi akaongeza voliumu, akaongeza tena. Transfoma ya kutolea ikikosa mzigo inatupa volti za kutisha upande wa anodi, nikakuta soketi ina njia nyeusi ya mkaa kutoka pini 3 kwenda pini ya jirani, na transfoma imeshakufa. Akasema ameletewa kitu kibovu. Kwa hiyo soketi za spika sikuhizi natumia zile zinazojifunga shoti kukiwa hakuna kitu kimechomekwa, si kamili lakini zimeniokoa.

Mvumo. Hapa masikio yako ya gitaa yatakusaidia kuliko mita. Kama umeme wa kwenu ni hezi 50, mvumo unaotokana na hita au transfoma kunusa waya ni hezi 50, na ule wa kapasita za kuchuja zilizochoka ni hezi 100 kwa sababu umeshageuzwa pande zote mbili. Piga uzi wa sita freti ya 3, hiyo ni G ya hezi 98, mvumo ukikaribiana na hiyo noti angalia kapasita na njia za ethi, ukiwa chini yake oktava nzima, mahali gitaa halifiki, sokota upya waya za hita. Kwenye umeme wa hezi 60 ule mvumo wa kapasita ni hezi 120, unaangukia kati ya freti ya 6 na 7. Nimeshatambua ugonjwa kwa simu hivyo, mteja anashika gitaa upande wa pili wa laini ananitafutia noti.

Tuje kwenye masikio sasa, maana hapa ndo mafundi wa jeshi tunafeli. Mteja hatakwambia kilohezi. Atakwambia haina nyama, ina matope, inachoma, haipumui. Mwanzoni nilikuwa nawaona kama waganga wa kienyeji, mpaka nikaanza daftari, upande mmoja neno la mteja upande wa pili nilichobadilisha akaridhika, na maneno yakaanza kugeuka vifaa. Matope mara nyingi ni besi nyingi sana KABLA ya pale sauti inapokatwa, uzi mnene wa gitaa ni hezi 82, ukiuingiza mzima kwenye valvu inayokata unapata uji, kwa hiyo kule mbele badilisha kapasita ya kathodi, badala ya mikrofaradi 25 na rezista ya 1.5k, weka 0.68 na 2.7k kama walivyofanya Marshall, besi itashuka kabla haijafika kwenye uchafu na alafu unaweza kuirudisha mwishoni kwa spika. Haipumui, mara nyingi anazungumzia umeme mkubwa usioyumba, umeweka dayodi na kapasita kubwa kama fundi mzuri wa jeshi, volti zimekaa kama mlima, ila yeye anataka akigonga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa nguvu volti zishuke kidogo alafu zipande polepole, sauti ijibane na kuchanua. Mrudishie valvu ya kugeuza umeme, 5Y3 inayumba zaidi ya GZ34. Yani umeongeza kasoro makusudi na mtu anakushukuru. Mi hapo ndo nilijua nimeacha jeshi kweli.

Kingine, utashawishika na vifaa vya kijeshi. Valvu zilizoandikwa JAN utazijua, alama ya ununuzi wa jeshi la nchi kavu na la majini la Marekani, na ni valvu nzuri, nyingi ni tulivu. Lakini zilichaguliwa zivumilie mtikisiko na maisha marefu, hakuna aliyekaa na gitaa kuzisikiliza. 5751 kwa mfano ni ndugu imara wa 12AX7, ila ukuzaji wake 70 badala ya 100, ukiiweka mbele uchafu unapungua. Kuna mtu atalipenda hilo, kuna mtu atadhani amplifaya imeharibika. Iweke kwa sababu hiyo, usiiweke kwa sababu ya muhuri.

Cha kubeba kutoka jeshini bila kupunguza ni daftari na lehemu. Lehemu yako ya kwanza kushika waya kimakenika kisha ndo unamwaga risasi, usiiache, amplifaya hizi zinasafiri kwenye buti za magari na zinatikisika juu ya spika masaa. Na kila amplifaya inayotoka kwangu ina ukurasa wake, volti za kila pini, bayasi, namba za transfoma, tarehe. Ikirudi baada ya miaka minane nafungua ukurasa napima naona nini kimehama. Ken Fischer, mtengenezaji wa amplifaya za Trainwreck, yeye amplifaya zake alizipa majina ya kike badala ya namba, mi nimebaki na namba, mazoea ni mazoea.

Inalisha? Kwa miaka ya mwanzo kutengeneza mpya hakutakulisha, matengenezo ndo yatakulisha. Amplifaya yangu ya kwanza ya oda ilinila masaa zaidi ya 70, ya kumi ikawa nusu yake, na bado transfoma, chasisi na boksi ni vya kununua kabla mteja hajamaliza kulipa, kwa hiyo chukua malipo ya awali yanayotosha vifaa vyote na usione aibu. Matengenezo pia ndo shule, utafungua za watu wengine mia moja na kuona zinafia wapi. Kabla ya kuuza nje ya mzunguko wa marafiki soma sheria za usalama wa vyombo vya umeme za nchi unayouzia, hilo we utaliweza kuliko wengi maana umeishi kwenye makaratasi. Na usiahidi siku. Sema mwezi.

Kuanza, usianze na wati 50 kama mi. Jenga Fender Champ ile ya 5F1, 12AX7 moja, 6V6 moja, 5Y3 moja, wati kama 5 na spika moja ya inchi 8. Ina vipande vichache mpaka kila kosa linasikika, alafu bayasi yake inajitengeneza yenyewe kwa rezista ya omu 470 kwenye kathodi. Ijenge mara moja kama ilivyo kwenye mchoro, alafu ibaki mezani miezi mitatu unabadilisha kitu kimoja tu kila wiki na kuandika ulichosikia, sio ulichopima. Tafuta na mpigaji mmoja mwenye mdomo mchafu, asiyekuogopa, awe anakuja kuipiga.

Siku ya kuiwasha niandikie volti za pini 3, 4 na 8 za 6V6, na ile ya pini 8 uigawe kwa 470 mwenyewe upate mkondo kabla hujanitumia. Alafu ndo uniambie inaliaje.